Chombo kidogo cha kutafuta masaa yetu

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama wenye kungojea fishi ya mushahara, musikilize. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma. Zenye kupita ni za nyongeza. Kijana wetu wa sendika alitengeneza programu ya kuhakikisha fishi, mistari maelfu. Nani atakumbuka hesabu gani iko wapi?

Kuko chombo cha bure, ctags. Kinasoma faili, kinaandika kila jina na fasi yake, sawa orodha ya nyuma ya kitabu. Lakini luga ya kijana wetu hakikuijua. Akakiongezea kanuni moja tu: mustari ukianza na «HESABU», neno lenye kufuata njo jina.

Tukatafuta «usiku»: hakuna! Kilibakia kidogo tuiandike mara ya pili, tudai saa za usiku mara mbili, patro atucheke. Kumbe iko: HESABU juu, jina mustari wa chini. Kanuni ile inaangalia mustari mmoja mmoja. Tukaviweka pamoja, ikaonekana.

Basi, mbele ya kupiga kelele, tuhakikishe hesabu yetu. Fishi zenu musitupe: muzilete.