Beleshi lilitununisha siku tatu!

Mpenzi msomaji, usicheke. Wenzetu wananuniana kwa sababu ya simu za usiku wa manane, mimi na mume wangu tulinuniana kwa sababu ya beleshi. Ndiyo, beleshi, ambalo wengine mnaliita sepetu au chepe.

Tulikuwa tumehamia Kigamboni. Nyumba bado haina rangi, lakini nafasi ya bustani ipo. Nikataka mchicha, matembele na maua mawili matatu mbele ya baraza. Jioni moja mwenzangu akarudi na beleshi alilolinunua kwa machinga kwenye foleni, bei ya kutupa. Hakuniuliza, na mimi sikuuliza. Wiki ya tatu mpini ukakatika, paa! Nikabaki na kipande mkononi.

"Umelivunja," akasema.

"Umeniletea takataka," nikajibu.

Siku tatu tukawa tunapishana kwenye korido kama wapangaji.

Baba mkwe atia timu

Siku ya nne baba mkwe akatufikia kutoka Moshi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Hata chai hajamaliza, akaviona vile vipande viwili nyuma ya jiko. Akaviokota, akavigeuza, kisha akaniuliza taratibu, "Mama, ulikuwa unang'oa kisiki?"

Niliishiwa maneno. Kweli bwana, nilikuwa nimelichomeka chini ya kisiki cha mwarobaini nikalilalia kwa uzito wangu wote. Mume wangu nilimwambia nilikuwa nageuza udongo tu! Mzee akamgeukia mwanawe: "Na wewe, uliutazama mpini kabla hujalipa?" Kimya.

Usiku ule nilisema ukweli wangu. Naye akasema wake: mshahara ulikuwa umeshakata, akaona aibu kuniambia tusubiri mwisho wa mwezi. Kumbe kilichotununisha hakikuwa beleshi!

Tulivyochagua la pili

Tulisubiri mshahara, tukaenda wote wawili Gerezani. Haya ndiyo tuliyoyaangalia, kama tulivyofundishwa na mzee:

*Kazi yake.* Lenye bapa lililonyooka ni la kuchimbia na kukata kingo za matuta. Lililobonyea kama upawa ni la kuzolea mchanga na kokoto, ndilo la mafundi ujenzi. Bustani inataka la kwanza. Visiki vina mtaimbo wao.

*Shingo.* Hapa bapa linapokutana na mpini ndipo penye mzigo wote. Chuma kiupande mpini kwa urefu wa kutosha, na misumari yake isicheze. Lishike ulitikise. Likilia, rudisha.

*Mpini.* Tazama nyuzi za mbao. Zinatakiwa zikimbie kutoka juu hadi chini. Zikikata kwa pembeni, au kukiwa na kifundo karibu na shingo, hapo ndipo utakapovunjikia. Na jihadhari na mpini uliopakwa rangi nzito, maana rangi huficha mengi!

*Sehemu ya kukanyagia.* Ukingo wa juu wa bapa uliokunjwa huokoa nyayo na viatu vyako.

*Miili yenu.* Mume wangu ni mrefu, mimi namfika begani. Mpini mfupi unamvunja mgongo, bapa pana likijaa udongo mbichi linanivunja mimi. Tulichukua lenye mpini mrefu na bapa dogo kidogo. Mtu mfupi anaweza kushika chini zaidi, lakini mrefu hawezi kuurefusha mpini. Kila mmoja alilishika palepale dukani akajifanya anachimba. Watu walitucheka, tukacheka nao.

Sasa litunze

Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, na kutu haibishi hodi. Ukimaliza kazi, kwangua udongo kwa kijiti, osha, kisha likaushe kabisa. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kwenye bapa. Kutu ikishaanza, itoe kwa brashi ya waya au stilwaya.

Makali yakififia, tafuta tupa. Noa upande mmoja tu, ule wa mbele, ukisukuma kuelekea ncha. Huhitaji wembe, unahitaji ukingo unaokata mizizi midogo bila kukutoa jasho.

Mpini ukianza kukwaruza, piga msasa laini, kisha upake mafuta ya kitani. Tahadhari: kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikikunje ukakitupa kwenye kona, kinaweza kujipasha moto chenyewe hadi kikawaka. Kitandaze nje kikauke.

Mwisho, lining'inize ukutani. Ukiliacha limesimama kwenye sakafu yenye unyevu, unailisha kutu.

Kwetu kazi hiyo ni ya Jumapili jioni. Yeye ananoa, mimi napaka mafuta, na hapo ndipo tunapoongea hesabu za wiki: kilichoingia, kilichotoka, na kisichowezekana mpaka mwisho wa mwezi. Siku nyingine tunabishana, lakini hakuna anayeficha.

Kisiki cha mwarobaini? Tuliazima mtaimbo kwa jirani, tukakitoa wote wawili. Pale kilipokuwa sasa pana matembele. Karibu uchume.