Baiskeli ya mbio kwa mtu mfupi

Mtu mfupi akienda kununua baiskeli ya mbio ya mtumba, muuzaji hulegeza nati, hushusha kiti mpaka chini, kisha husema, "Panda, imekukaa sawasawa." Mteja anapanda, miguu inafika, anatoa fedha. Nami nilifanya hivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja shingo ilikuwa inauma, viganja vinakufa ganzi, na breki nazifikia kwa ncha za vidole.

Kosa liko wapi? Kiti hupanda na kushuka, lakini fremu hairefuki wala haifupiki. Kushusha kiti kunatibu miguu tu. Umbali kutoka kitini hadi kwenye usukani unabaki karibu ule ule aliopimiwa mtu mrefu. Wapo wanaosogeza kiti mbele. Hiyo nayo si dawa, kwa kuwa mahali pa kiti hutegemea goti na pedali, si mikono. Kile kipande kinachoshika usukani ukikibadilisha kwa kifupi utapata nafuu ya sentimita 2 au 3, basi.

Anza na kipimo. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu katikati ya miguu, kisukume juu hadi kikome, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Zidisha kwa 0.65. Mwenye sentimita 72 atapata karibu 47, nacho ndicho kimo cha bomba la kiti kwa fremu za zamani, zile ambazo bomba la juu limelala sawa. Lakini usiishie hapo. Fremu mbili za 47 zaweza kutofautiana urefu wa bomba la juu, na hilo ndilo linaloamua kama mikono itafika. Ukishika breki viwiko vikanyooka kama fimbo, iache.

Kisha tazama gurudumu. Waundaji wengi huweka gurudumu lile lile kubwa kwenye fremu ndogo, hivyo ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele unapokata kona polepole. Wapo wanaozoea, lakini hapo mtu aweza kuanguka, tena mbele ya daladala. Mmarekani Georgena Terry, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985, aliliondoa tatizo hilo kwa kuweka gurudumu la inchi 24 mbele na kubwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka pedali sawa na ardhi, kanyaga kama kawaida, uzungushe usukani pande zote mbili. Kiatu kikigusa tairi, mwambie muuzaji akuonyeshe nyingine.