Utepe Unaotambua Sumukuvu

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu za jirani huko mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Maini yao yaliharibiwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu itolewayo na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Wanafunzi na wapige hesabu: ni sawa na gramu moja tu iliyotawanywa katika magunia 1,000 ya kilo mia mia. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, alifundishwa kuitafuta kwa mtambo uliojaza meza nzima. Mtambo wa namna hiyo haubebeki hadi ghalani. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kwa utepe ulio mfupi kuliko kidole, kwa dakika chache.

Utepe huo ni kihisi cha kibiolojia: umeazima uwezo wa kiumbe hai wa kutambua kitu kimoja na kuviacha vingine. Mwili wa mnyama hutengeneza kingamwili, ambazo kila aina yake hushika kitu chake, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Kingamwili zinazoshika aflatoksini hufungamanishwa na chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo kwa udogo huo huonekana nyekundu. Unga wa mahindi hutikiswa katika kimiminiko, mara nyingi spiriti iliyochanganywa na maji, ili sumu itoke. Kisha utepe huchovywa humo, na kimiminiko hupanda kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi.

Njiani pamewekwa mstari wa aflatoksini iliyogandishwa. Ikiwa mahindi ni safi, kingamwili hufika zikiwa huru, hunasa hapo, na mstari mwekundu hutokea. Ikiwa yana sumu, kingamwili zimekwisha kushikwa njiani, hivyo mstari hufifia au hautokei kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea, maana wamezoea kwamba alama ikionekana, kitu kimepatikana. Mstari wa pili hutokea kwa vyovyote vile. Usipotokea, utepe ni mbovu na utupwe.

Lakini utepe huweza kusema kweli juu ya unga uliopewa, na gunia likabaki halijulikani. Sumukuvu haitawanyiki sawasawa. Aghalabu hukaa katika punje chache zilizoumwa na wadudu au kuvunjika. Jaribio lake ni rahisi. Mwalimu achanganye punje kumi za maharage mekundu katika debe la mahindi, kila mwanafunzi achote gao moja na kulirudisha, na matokeo yaandikwe ubaoni. Wengi hawatapata hata punje moja ya maharage. Kwa sababu hiyo mpimaji huchoma magunia mengi kwa bambo, juu, katikati na chini, akakusanya kilo kadhaa, akazisaga zote na kuzichanganya vizuri, ndipo apime gramu chache za kutia katika chupa.