TAA YA TAIRI ISIYOSADIKIWA

Likizo iliyopita nilisafiri na baba mdogo kutoka Morogoro kwenda Dodoma katika gari lake la mwaka 2010, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika Uingereza. Mbele ya dereva iliwaka taa ndogo ya manjano yenye alama ya mshangao ndani ya umbo la tairi. Nilipomwuliza, alicheka. "Hiyo inawaka tangu mwaka juzi, mwanangu. Imezoea kusema uongo."

Tuliposhuka Gairo kunywa chai, niliona tairi la nyuma limelala karibu kugusa rimu. Lilikuwa na msumari. Tairi lenye upepo mchache hujikunja, hupata joto, mwisho hupasuka; nasi tulikuwa na bibi na wadogo zangu wawili ndani.

Basi niliporudi nilikwenda kwa fundi umeme wa magari kuuliza. Alinionyesha kwamba ndani ya gurudumu, nyuma ya vali, kuna kifaa kiitwacho sensa (si ile ya kuhesabu watu). Hupima upepo na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Betri yake imefungwa humo humo, haibadilishwi, nayo hufa baada ya miaka mitano hadi kumi hivi. Ndiyo sababu magari ya zamani huugua ugonjwa huu. Sensa nyingine huvunjwa na vyuma vya mafundi wa matairi, ambao hawajui kuwa zimo.

Katika magari mengi, ukiwasha gari taa ikaangaza na kuzima kwa muda wa dakika moja hivi, kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe ndio mbovu. Ikiwaka mfululizo tangu mwanzo, upepo umepungua. Lakini taa ikishabaki hivyo kwa ubovu, tairi likitoboka hutaona tofauti yo yote, na hayo ndiyo yaliyotupata.

Baba mdogo alinunua sensa moja iliyotolewa katika gari la Japani. Haikufaa kitu. Za Japani na Marekani kwa kawaida hutumia megahezi 315, za Ulaya 433. Zilikuwa kama watu wawili wasiojua lugha moja. Tena yako magari yasiyo na sensa hizo kabisa: hutambua tu kwamba gurudumu lililopungua upepo huzunguka upesi kuliko wenzake. Hayo, ukiisha kujaza upepo, huwekwa sawa kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo asikuuzie mtu sensa.

Sasa baba mdogo ana kipimo cha upepo cha mkono. Hupima kila Jumamosi alfajiri kabla gari halijatembea, maana tairi la moto hudanganya kwa kuonyesha zaidi. Hufuata namba zilizobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si zile za ubavuni mwa tairi, ambazo ni kikomo chake. Taa ingali inawaka. Anakusanya fedha za sensa nne za 433, na mimi nimepewa kazi ya kushika daftari la vipimo kila nikiwa nyumbani.