Hongo, Bahashishi na Dhamiri
Mwaka 2013 mji wa Portage, jimbo la Indiana nchini Marekani, ulinunua malori ya taka kwa dola milioni 1.1 hivi. Mwaka uliofuata kampuni iliyoyauza ilimlipa meya James Snyder dola 13,000. Alidai kuwa ni ujira wa ushauri. Mahakama ya chini ilimtia hatiani. Lakini Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba sheria ile ya shirikisho huwakataza viongozi wa majimbo na miji hongo iliyopatanwa kabla ya tendo, wala si bahashishi itolewayo baadaye.

Tufahamu vema: Mahakama haikuisifu bahashishi, iliyaachia majimbo na miji kuiwekea makatazo. Sheria ile huuliza mapatano yalifanyika lini. Kutoka 23:8 hutazama zawadi yafanya nini, nayo yasema hupofusha. Kiongozi atazamiaye shukrani ya tajiri amekwisha kupofushwa kabla hajapokea senti. Nasi tupokeao zawadi za washarika tujiulize: ni nani tusiyethubutu kumwonya?