Masharti ya Shahada ya Kwanza ya Falsafa na Nafasi ya Lugha ya Mama: Mtazamo Kutoka Nyeri

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza mambo ambayo mwanafunzi hupaswa kuyatimiza ili ahitimu shahada ya kwanza ya falsafa, na kuchunguza sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni lugha. Mfano wetu ni kijana wa Nyeri, Karatina, Embu au Meru. Kijana huyu hulelewa katika Kikuyu, Kiembu au Kimeru, huongezewa Kiswahili shuleni na sokoni, kisha hutahiniwa falsafa kwa Kiingereza. Yafaa tujiulize: je, anapotunukiwa shahada, amethibitisha kwamba anaweza kufikiri, au kwamba anaweza kufasiri?

2. Masharti yenyewe

Kijana wetu ana njia mbili. Ya kwanza ni chuo kikuu. Huko Kenya huingia yule aliyepata angalau wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na masomo ya sanaa huchukua miaka 4. Kwa kawaida mwanafunzi hupaswa kufaulu mantiki, maadili, metafizikia, nadharia ya maarifa, historia ya falsafa tangu Wayunani hadi zama zetu, na falsafa ya Kiafrika. Katika vyuo vingi huandika pia insha ndefu ya utafiti kabla ya kuhitimu.

Njia ya pili ni seminari kuu, kama ile ya Kristo Mfalme iliyoko Nyeri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 250, huagiza masomo ya miaka isiyopungua 6: miaka 2 kamili ya falsafa na miaka 4 ya teolojia. Kwa vitivo vya falsafa vya Kanisa, Roma iliamua mwaka 2011 kwamba shahada ya kwanza ichukue miaka 3 badala ya 2.

Linalotuhusu zaidi sisi wanalugha ni kanuni ya 249. Kanuni hiyo humtaka mseminari afundishwe kwa makini lugha yake mwenyewe, aielewe vema Kilatini, na apate lugha nyingine zinazofaa kazi yake. Hivyo lugha ya mama imetajwa waziwazi miongoni mwa masharti ya malezi, ilhali katika mitaala ya falsafa ya vyuo vikuu ni nadra kuliona sharti kama hilo.

3. Lugha kama hoja

Huenda mtu akasema kwamba falsafa ni moja, na lugha ni chombo tu. Lakini wanafalsafa wetu wenyewe wamejenga hoja zao juu ya sarufi. Alexis Kagame, padri na mwanachuoni wa Rwanda, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1956 kwamba vitu vyote vilivyopo vimegawanyika katika mafungu manne: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. John Mbiti naye, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza dhana ya wakati kwa maneno ya Kiswahili, yaani sasa na zamani, na akaitegemeza hoja yake juu ya njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu.

Mwanafunzi wa Nyeri anaweza kuzipima hoja hizi kuliko msomaji yeyote wa ng'ambo. Kwa Kikuyu husema mũndũ, kĩndũ na handũ, navyo vyaafikiana na mafungu matatu ya Kagame. Atazame sasa Kiswahili: tuna mtu na kitu, lakini mahali ni neno lenye asili ya Kiarabu. Je, Waswahili walikosa dhana ya mahali? La hasha. Twasema mahali pale pazuri, na upatanisho wa pa- umebaki pale pale ijapokuwa shina ni geni.

Atazame tena utu wa Kiswahili na ũndũ wa Kikuyu. Kwa umbo ni neno moja, kiambishi na shina. Hata hivyo utu ni ubinadamu, ilhali ũndũ ni jambo. Mkuyu akitaka kutaja ubinadamu husema ũmũndũ. Basi umbo moja laweza kubeba maana mbili, na dhana moja yaweza kukaa katika maumbo mawili. Kutokana na mifano hii yabainika kwamba ngeli pekee haziwezi kutuambia watu hufikiri nini. Paulin Hountondji wa Benin aliikosoa falsafa ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Kijana wetu anaweza kuufikia ukosoaji huo kwa ushahidi wa lugha zake mwenyewe.

4. Wazee wenye hekima

Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alishika njia nyingine: aliwatafuta wazee wenye hekima na kuwahoji mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru. Mahojiano hayo yalichapishwa mwaka 1990 kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Meru anayetahiniwa juu ya mzee wa kwao humsoma katika tafsiri, wala hatakiwi kuuliza ni neno gani la Kimeru lililo nyuma ya kila istilahi.

5. Hitimisho

Twapendekeza sharti moja liongezwe, nalo halihitaji mwaka wa tano. Kila mtahiniwa wa falsafa achague dhana moja, aieleze katika lugha yake ya mama na katika Kiswahili, kisha aonyeshe hoja ipi husimama katika lugha zote na ipi huanguka inapofasiriwa. Kazi hiyo isimamiwe na idara mbili, ya falsafa na ya lugha. Itatupatia sisi istilahi zilizopimwa na matumizi, na itampatia mwanafunzi shahada inayoshuhudia kwamba hoja aliyoitetea ni yake.