Lisbon ya Rekodi, na Dhahabu ya Kilwa

Mji mkuu wa Ureno una rekodi nyingi, na waongoza watalii wake hawachoki kukuhesabia: daraja refu, duka kongwe, tao la juu. Sikiliza vizuri, utagundua kila sifa ina sharti lake. Lisbon ndio mji mkuu ulio magharibi kuliko yote Ulaya, mradi usivitie visiwa hesabuni, maana Reykjavik ya Iceland iko mbali zaidi. Ni mji mkuu wa pili kwa ukongwe baada ya Athens, wanasema, wakianzia enzi za Wafoinike. Hilo kawaambie watu wa Roma uone. Mimi hapa nachukua zile rekodi ambazo hata ukizichunguza bado zina mashiko.

Daraja la Vasco da Gama lina kilomita 17.2 ukijumlisha na barabara zinazoliunganisha na nchi kavu. Lilifunguliwa Machi 1998, miaka 500 tangu huyo mwenyewe alipozunguka Afrika na kutia nanga Mombasa, kisha Malindi, akielekea India. Kwenye sherehe za uzinduzi meza zilitandikwa juu ya daraja lenyewe, maelfu ya watu wakaketi kula maharage kwa nyama. Kwa miaka 20 hapakuwa na refu kulishinda Ulaya, mpaka Warusi walipojenga la Crimea mwaka 2018. Sasa limebaki bingwa wa Umoja wa Ulaya. Kwa mtalii halina raha sana, kwa kuwa waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Utalitazama kutoka kando ya mto Tagus.

Lile jingine, jekundu, la nyaya, ndilo lenye kisa. Lilipofunguliwa Agosti 1966 mwanya wa mita 1,013 kati ya minara yake ulikuwa mrefu kuliko wa daraja lolote la aina hiyo Ulaya, nalo likapewa jina la Salazar, dikteta aliyekuwa bado madarakani. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji waliipindua serikali ya Lisbon, na daraja likapewa jina la tarehe hiyo. Frelimo, waliokuwa wakipigana Msumbiji, walianzishiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa hiyo bango la barabarani pale Lisbon lina mkono wetu kidogo.

Duka la vitabu la Bertrand, mtaa wa Garrett, lilianza mwaka 1732 na linatambuliwa na Guinness kuwa kongwe kuliko yote duniani ambayo bado yanauza. Sharti lipo hata hapa: duka la mwanzo liliangushwa na tetemeko la 1755, likahamahama kabla ya kutulia lilipo mwaka 1773. Ukinunua kitabu, omba mhuri. Wanaugonga ndani ya jalada kuthibitisha kwamba umekinunulia hapo.

Tetemeko hilo la tarehe 1 Novemba 1755 ndilo linalogawa kila habari ya Lisbon. Lilipiga asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa. Yakafuata mawimbi ya tsunami, kisha moto uliowaka siku kadhaa. Kanisa la Carmo liliachwa bila paa, na bila paa liko hadi leo: unaingia, unainua macho, unaona matao matupu na mawingu. Lakini rekodi ninayoipenda zaidi imefichwa ndani ya kuta za mitaa ya Baixa, chini ya kilima lilipo kanisa hilo. Waziri aliyesimamia ujenzi mpya, ambaye historia inamjua kama Marquês de Pombal, aliagiza kila jengo liwe na kizimba cha mbao ndani ya ukuta, boriti zikikatana kwa mshazari ili ziyumbe bila kuachana. Kabla ya kujenga, walitengeneza mfano wa jengo, wakaamuru askari watembee kwa kishindo kuuzunguka, waone kama utahimili. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza Ulaya kubuniwa makusudi yahimili tetemeko. Mtalii anapita akitazama vioo vya maduka, ufundi wenyewe uko nyuma ya lipu.

Kilichosimama siku ile bila kutetereka ni mfereji wa maji wa Águas Livres. Ulianza kujengwa mwaka 1731 kwa amri ya Mfalme João V, kwa kodi walizotozwa wananchi kwenye divai, nyama na mafuta ya zeituni, na maji yakafika mjini mwaka 1748. Unapovuka bonde la Alcântara unabebwa na matao 35, na kubwa lao lina kimo cha mita 65. Ndilo tao la mawe lenye ncha lililo kubwa kuliko yote duniani. Simama chini yake, usihangaike na picha, haitoshi kwenye simu. Juu yake kulikuwa na njia ya waendao kwa miguu, na hapo ndipo anaposimuliwa Diogo Alves, jambazi wa miaka ya 1830, aliyewavizia wapitaji, akawapora na kuwasukuma bondeni. Alinyongwa mwaka 1841, kwa mauaji mengine. Kichwa chake wakakihifadhi ndani ya chupa ya dawa ili wataalamu wakichunguze, na bado kiko Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Lisbon. Utalii una mambo.

Vivutio vya vilimani nitavipitia haraka. Kiberenge cha Lavra, cha mwaka 1884, ndicho kikongwe kati ya vile vinavyopanda miteremko ya mji. Mwenzake wa Glória aliacha njia Septemba 2025, watu 16 wakafa, na tangu hapo huzungumzi habari za viberenge hivi kwa mzaha.

Belém, upande wa magharibi mtoni, ndiko misafara ilikotokea. Mnara wake, uliokamilika karibu mwaka 1519, una kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda kimoja cha pembeni, kimelika kwa upepo wa chumvi. Wanasema ni ukumbusho wa kifaru aliyeshushwa Lisbon Mei 1515 kutoka India, wa kwanza kuonekana Ulaya akiwa hai tangu enzi za Warumi. Mfalme Manuel alimpambanisha na tembo. Tembo akatimua mbio. Kisha mfalme akamtuma kifaru kama zawadi kwa Papa, na meli ikazama karibu na Italia. Albrecht Dürer wa Ujerumani alimchora bila kumwona, akamwongezea pembe ndogo mgongoni, na Ulaya ikaamini pembe hiyo kwa vizazi.

Sasa kitu ambacho mtu wa pwani asikikose. Kiko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, na kimo chake ni sentimita 73 tu: chombo cha dhahabu cha kuonyeshea ekaristi, kinachoitwa Custódia de Belém. Mitume 12 wamepiga magoti kuuzunguka mtungi wa kioo, kila mmoja na sura yake; kwenye tako kuna ndege, maua na konokono walionakshiwa kwa rangi. Ni kazi inayohesabiwa kuwa ya Gil Vicente, na ndio ufundi wa dhahabu uliosifika kuliko wote Ureno. Maandishi yaliyozunguka tako yanataja bila haya dhahabu ilikotoka: ushuru wa Kilwa, kazi ikamalizika mwaka 1506.

Kilwa hiyo ni Kisiwani. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi pwani hii, akamtishia mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kuuchoma mji asipojitiisha. Ilitolewa dhahabu ya mithkali 1,500, zaidi ya kilo 6, dhahabu ambayo wafanyabiashara wa Kilwa walikuwa wakiipata Sofala. Haikuwasaidia. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Wakati mafundi wa Lisbon wanamalizia mitume, Wareno walikuwa tayari wamekaa Kilwa.

Foleni ya mchana ni ya vikeki vya maziwa vya Belém, vinavyouzwa tangu mwaka 1837, na vina haki yao. Ila tramu namba 15 inayokurudisha mjini kutoka huko inapita chini ya kilima yalipo makumbusho hayo. Shuka njiani, panda ngazi, uliza chombo cha dhahabu. Wakikuuliza umetoka wapi, wajibu.